Kizuri Hakikosi Ila: Bastola ya Browning Baada ya Miaka Mia na Zaidi



Nyumbani kwetu Tanga, barazani, palikuwa na cherehani ya Singer. Ilikuwa nyeusi, imepambwa maua ya rangi ya dhahabu, na maua hayo yalikuwa yamefutika upande mmoja tu, pale mkono wa mama ulipozoea kupita. Kwenye cherehani ile mama alishona sare za shule, foronya na kanzu za Idi. Kila Ijumaa jioni alichukua kikopo chenye mdomo mrefu akaitia mafuta, tone moja moja, katika vitundu ambavyo mgeni wa mashine ile asingeviona. Sisi watoto tulikatazwa hata kugusa gurudumu lake. Mama alikuwa akituambia kwamba chombo kizuri kina adabu zake, na asiyezijua kitamkata.

Basi fikiria nilivyoshtuka siku niliposoma kwamba mwaka 1941 kampuni hiyohiyo ya Singer, katika kiwanda chake cha Elizabeth, New Jersey, nchini Marekani, ilitengeneza bastola. Zilikuwa 500 tu. Ubavuni zilichongwa herufi za mwanzo za kampuni pamoja na jina la mji wake, na zilitengenezwa kwa ustadi uleule uliozifanya cherehani zake zisambae dunia nzima.

Singer hawakuibuni bastola hiyo. Ilibuniwa na fundi mmoja wa Utah aliyeitwa John Moses Browning, na tarehe 29 Machi 1911 jeshi la Marekani likaikubali kuwa bastola yake rasmi. Ndiyo maana ikaitwa M1911. Hivi ninavyozungumza nawe imetimiza zaidi ya miaka 110, na bado viwanda kadhaa vinaitengeneza, watu wananunua, mafundi wanaisifia. Ni chombo gani kingine cha mwaka 1911 kinachotoka kiwandani leo kikiwa karibu na umbo lake lilelile? Gari la mwaka ule liko makumbusho. Simu ya mwaka ule wajukuu wetu hawawezi hata kuitambua.

Jioni hii nataka tuulize mambo mawili. Kwanza, imependewa nini bastola hii muda wote huo? Pili, ina kasoro gani? Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Ninavyoona mimi, katika bastola hii uzuri na ila vimeota kwenye shina moja: kila sifa inayosifiwa ndiyo hiyo hiyo, ukiigeuza upande wa pili, inayolaumiwa. Twende pamoja taratibu, utaona.

Tuanze na chimbuko lake, kwa sababu chombo hubeba alama za shida iliyokizaa.

Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania vitani ikachukua visiwa vya Ufilipino. Kusini, huko Mindanao na Sulu, waliishi Wamoro, Waislamu ambao Wahispania walipambana nao kwa karne tatu bila kuwatia mikononi kikamilifu. Sasa Wamoro wakakabiliana na Wamarekani. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokula kiapo, Wahispania wakiwaita juramentado, ambao walijitosa peke yao katikati ya askari na jambia mkononi, wakijua hawatarudi. Askari wa Marekani walikuwa na rivolva zenye risasi nyembamba, za milimita 9 hivi kwa upana. Taarifa zikaanza kufika makao makuu kwamba mtu anapigwa risasi kadhaa na bado anakuja. Jeshi likalazimika kutoa ghalani rivolva za zamani zenye risasi nene, za tangu mwaka 1873, na kuzirudisha kazini.

Hapo likazaliwa swali ambalo ningependa tulitazame bila kulikwepa: ni risasi ya ukubwa gani inayomsimamisha binadamu? Mwaka 1904 maofisa wawili, John Thompson na daktari wa jeshi Louis LaGarde, walipewa kazi ya kulijibu. Walifyatua risasi za aina mbalimbali kwa ng'ombe hai wa machinjioni Chicago, na kwa maiti za watu, wakapima majeraha. Jibu lao lilikuwa kwamba risasi ya bastola ya jeshi isipungue upana wa inchi nukta 45, yaani milimita 11 na nusu hivi.

Wapenzi wa bastola hii hupenda kuisimulia hadithi ya Wamoro kama hadithi ya adui mkali aliyehitaji risasi kubwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ukisikia upande mmoja tu, utasahau kwamba watu wale walikuwa kwao, wakiitetea ardhi yao, na kwamba Machi 1906, juu ya mlima wa Bud Dajo katika kisiwa cha Jolo, majeshi ya Marekani yaliwaua mamia ya Wamoro, wanawake na watoto wakiwamo. Silaha hii imetokana na vita vya namna hiyo. Nalisema hili mapema ili tunapoingia kwenye sifa za ufundi wake, tusije tukasahau ufundi huo uliitwa kufanya nini.

Baada ya jibu la Thompson na LaGarde, jeshi likaita wabunifu. Wajerumani walileta Luger yao, kisha wakajitoa. Mwisho wakabaki wawili: kampuni ya Savage, na kampuni ya Colt iliyoleta kazi ya Browning.

Huyu Browning alikuwa mtu wa aina gani? Alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, Utah. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki na Mmormoni aliyekuwa na wake watatu na watoto 22. John alikulia karakanani, akicheza na vyuma chakavu kama watoto wengine wanavyocheza na udongo. Hakwenda chuo cha uhandisi. Kichwa chake kiliona jinsi vipande vinavyosogea kabla hajashika tupa. Mpaka anafariki alikuwa amesajili hataza 128, na bunduki zake nyingine, kama ile rashasha nzito iitwayo M2, zipo vitani hadi leo.

Machi 1911 ulifanyika mtihani wa mwisho. Kila bastola ilifyatuliwa risasi 6,000 katika muda wa siku mbili. Ilipopata moto mno kushikika ilitumbukizwa kwenye ndoo ya maji, kisha kazi ikaendelea. Savage ilikwama mara 37. Bastola ya Browning haikukwama hata mara moja. Majuma machache baadaye mkataba ukasainiwa.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe. Nitajaribu kukueleza kwa lugha nyepesi, maana hapa ndipo lilipo jambo linalowavuta mafundi.

Bastola ya aina hii lazima ijipakie yenyewe. Risasi ikitoka, ganda tupu litoke, risasi mpya iingie, nyundo ijikoki upya, na yote hayo yafanyike kabla hujapepesa jicho. Shida ni kwamba baruti inapowaka, nguvu yake ni kubwa mno. Mlango wa nyuma ukifunguka mapema, ganda litapasuka na kumjeruhi anayefyatua. Mlango ukichelewa, mashine itakwama. Browning alifanyaje? Juu ya mtutu aliweka meno, na ndani ya kifuniko cha chuma kinachoteleza juu yake, ambacho mafundi hukiita slaidi, akachonga mifereji ya kuyapokea meno hayo. Risasi inapotoka, mtutu na slaidi vinarudi nyuma pamoja vimeshikana, milimita chache tu. Chini ya mtutu kuna kipande kidogo kama kiungo cha mnyororo. Kiungo hicho kinauvuta mtutu chini, meno yanaachia, na hapo slaidi peke yake inaendelea nyuma, inatupa ganda, inakoki nyundo, springi inairudisha mbele ikiwa imebeba risasi nyingine.

Nilipoielewa hatua hiyo, niliiona cherehani ya mama. Sindano inashuka, uzi wa chini unapita, meno yanasogeza kitambaa, kila kimoja kwa zamu yake na hakuna kinachomgonga mwenzake, na vyote vinatokana na mzunguko mmoja wa gurudumu. Ubunifu wa namna hii ukishafanyika unaonekana rahisi, mpaka unajiuliza mbona hakuna aliyeuona mapema. Na ushahidi wa ubora wake ni huu: bastola kubwa nyingi za kisasa, za viwanda mbalimbali na mabara mbalimbali, zinatumia kanuni hiyo ya mtutu unaoinama. Walioacha umbo la Browning wamebaki na wazo lake.

Sifa ya pili ni triga. Katika bastola nyingi triga huzunguka kwenye msumari, na katika nyingine huwa na kazi mbili, kuinua nyundo kwanza na kisha kuiachia. Triga ya M1911 inakwenda nyuma moja kwa moja, kama kitufe, na ina kazi moja tu: kuiachia nyundo ambayo tayari imekokiwa. Ndiyo maana mvuto wake ni mfupi, ni mwepesi, na haubadiliki kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Wapiga shabaha wa mashindano waliipenda kwa hilo karne nzima iliyopita, na wanaipenda leo.

Sifa ya tatu ni mpini. Ni mwembamba, maana risasi zake zimepangwa mstari mmoja. Mpini umeinama kwa pembe ambayo mtu akinyoosha mkono, mtutu unaelekea pale jicho linapoelekea. Na sifa ya nne ni kwamba ni chuma kitupu, cha kufuliwa na kuchongwa, kinachoweza kufunguliwa kipande kwa kipande, kurekebishwa na kurithiwa.

Sifa hizo zilisindikizwa na simulizi. Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne huko Ufaransa, Koplo Alvin York wa Tennessee alijikuta yeye na wenzake wachache nyuma ya mistari ya Wajerumani. Inasimuliwa kwamba askari sita wa Kijerumani walimkimbilia wakiwa na singe, naye akawapiga kwa bastola hii mmoja baada ya mwingine. Siku ile yeye na wenzake waliteka watu 132. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba York alikuwa mtu wa dini, aliyeomba asipelekwe vitani kwa kuwa imani yake ilimkataza kuua. Lakini simulizi za vita hupenda kubeba silaha na kumwacha mtu, na jina la bastola likazidi kukua.

Ikaja vita ya pili ya dunia, na Marekani ikahitaji bastola kwa laki nyingi. Hapo ndipo walipoitwa watu wa cherehani. Singer baada ya zile 500 walihamishiwa kazi nyingine, kutengeneza vifaa vya kuelekezea mizinga. Kazi ya bastola ikachukuliwa na Remington Rand, waliokuwa wakitengeneza mashine za kupiga chapa, na hata na kampuni ya vifaa vya kuongozea treni. Remington Rand peke yao walitoa zaidi ya 870,000. Kwa jumla, tangu 1911 mpaka vita vinakwisha mwaka 1945, serikali ya Marekani ilipokea bastola hizi karibu milioni 2 na laki 7.

Msikilizaji, hizo ndizo sifa, na nimezitaja kwa moyo mweupe. Sasa tugeuze upande wa pili wa kila moja.

Nimeisifu triga kwamba ina kazi moja tu. Maana yake ni kwamba nyundo lazima iwe imekokiwa kabla. Anayetaka bastola hii iwe tayari wakati wote hana budi kuibeba na risasi ndani ya mtutu, nyundo imerudishwa nyuma, na kufuli ndogo ya usalama imepandishwa kwa kidole gumba. Mtu asiyezoea akiiona hivyo kiunoni mwa mwenzake, moyo unamdunda, na ana haki. Kufuli zipo mbili, moja ya kidole gumba na moja ya mpini, inayoachia pale tu kiganja kinapoushika mpini sawasawa. Hiyo ya kidole gumba iliongezwa mwaka 1910 kwa ajili ya askari wa farasi, ili mpanda farasi aweze kuifunga bastola kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika hatamu. Farasi wameondoka jeshini, kufuli imebaki, na inamtaka mtu mwenye mazoezi ya kutosha mpaka kidole kikumbuke chenyewe. Jeshi la Marekani lenyewe halikuwaamini askari wake wengi kiasi hicho. Kwa kawaida liliwaagiza waibebe bila risasi ndani ya mtutu, jambo linalomlazimu mtu kutumia mikono miwili wakati wa hatari. Kwa hiyo ile triga nzuri kuliko zote ni zawadi kwa mjuzi na ni hatari kwa mwanafunzi.

Nimeisifu kwa wembamba wa mpini. Wembamba huo unatokana na risasi 7 katika magazini. Saba tu. Na risasi nene namna ile, yenye uzito wa gramu 15 hivi, inachukua nafasi kubwa na inasukuma mkono nyuma kwa nguvu. Bastola iliyoirithi mwaka 1985 ilibeba risasi 15. Wapo wanaojibu kwamba saba nene zinatosha kuliko kumi na tano nyembamba. Lakini askari wengi wa kawaida, waliopewa siku chache tu za mafunzo ya bastola, walikuwa wakifumba macho kabla ya kufyatua kwa kuogopa msukumo ule. Risasi nene isiyompata mtu haina faida kwa aliyeifyatua, na inaweza kumpata asiyehusika.

Nimesifu chuma chake. Bastola tupu ina uzito wa kilo 1 na gramu 100 hivi. Chukua pakiti ya kilo moja ya sukari, ifunge kiunoni, tembea nayo kutwa nzima, halafu uniambie. Toleo la kwanza liliwasumbua pia watu wenye mikono midogo. Nyundo iliweza kuibana nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Alama za kulengea zilikuwa ndogo, jua likizama hazionekani. Katika miaka ya 1920 jeshi lilifanya marekebisho, likafupisha triga, likarefusha mkia wa kufuli ya mpini ili nyundo isimng'ate mtu, na toleo hilo likaitwa M1911A1. Marekebisho hayo yenyewe ni ungamo kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli.

Sasa nifike kwenye kasoro ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote kwa upande wa ufundi. Bastola hii imebuniwa katika zama ambazo saa za fundi zilikuwa rahisi kuliko mashine. Vipande vyake vingi vinataka kukaa kwa kipimo, na kipimo hicho kina kitendawili ndani yake. Ukivikaza ili bastola ilenge kwa usahihi mkubwa, inakuwa nyepesi kukwama kwa vumbi, kwa uchafu wa baruti au kwa risasi ya umbo tofauti na ile ya jeshi yenye ncha ya mviringo. Ukivilegeza ili ifanye kazi hata ndani ya tope, unapoteza sehemu ya usahihi. Bastola nyingi za vita ya pili zilikuwa za kulegea, ukizitikisa zinalia, lakini ndizo zilizofanya kazi matopeni. Kwa hiyo mtu akikuambia bastola hii ina usahihi wa ajabu, anasema kweli, na akikuambia haikwami hata ukiizika mchangani, naye ana ushahidi wake. Ila mara nyingi hawazungumzii bastola moja. Kuzipata sifa zote mbili mahali pamoja kunataka fundi hodari na saa nyingi za mkono wake, na saa hizo leo zina bei kubwa.

Linganisha na Glock, iliyotoka Austria mwaka 1982. Gaston Glock hakuwa ametengeneza bastola yoyote kabla ya hapo. Alitumia plastiki ngumu kwenye fremu, akaweka vipande 34 tu, vinavyoingiliana bila tupa ya fundi, na risasi 17. Hakuna maua ya dhahabu. Haimwombi mtu miaka ya mazoezi ili kuielewa, na bei yake ni nafuu. Kipya kinyemi kingawa kidonda, walisema wazee. Lakini majeshi na polisi hawakuifuata kwa upya wake. Waliifuata kwa sababu ilipunguza vitu vya kukumbuka.

Na hapa kuna jambo ninalotaka ulishike. Wengi wanaotetea kila kipande cha M1911 kama vile kimeandikwa katika kitabu kitakatifu wanamsahau mtu mmoja: mwenye kuibuni. Browning hakusimama mwaka 1911. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, alianza bastola mpya yenye kubeba risasi nyingi zaidi. Kile kiungo cha mnyororo chini ya mtutu, ambacho wapenzi wake wanakisifu hadi leo, ndicho alichokiondoa katika kazi yake mpya, akaweka badala yake kipande kimoja cha chuma kilichochongwa mteremko. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa katika kiwanda hicho karibu na Liège, moyo wake ulisimama. Kazi ikamaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive mwaka 1935. Ikawa na risasi 13, ikaenea katika majeshi ya nchi zaidi ya 50.

Mwaka 1985 jeshi la Marekani likachagua Beretta ya Italia. Sababu zilikuwa tatu. Nchi za NATO zilitaka kutumia risasi ya aina moja. Askari walihitaji risasi nyingi zaidi. Na bastola zilizokuwapo zilikuwa zimechakaa, kwa kuwa jeshi halikuwa limenunua mpya tangu 1945. Askari wa mwaka 1980 alikuwa anabeba bastola aliyobeba babu yake. Hata baada ya hapo vikosi maalumu viliing'ang'ania, na mwaka 2012 askari wa Marine wa Marekani walinunua toleo jipya lake kwa ajili ya baadhi ya vikosi vyao. Mwaka 2011, ilipotimiza miaka 100, jimbo la Utah liliitangaza kuwa silaha rasmi ya jimbo.

Kwa hiyo mvuto wake haujafa. Nami sioni ubaya mtu kuvutiwa na kazi ya fundi hodari. Ninachokikataa ni kuchanganya mapenzi na hukumu. Mtu anaweza kukipenda chombo cha kale kwa moyo wote na bado akasema wazi kwamba kwa kazi hii, leo, si hiki cha kumpa mwanafunzi.

Imebaki kasoro moja ambayo wapiga shabaha hawaitaji, kwa sababu wao wanaiita sifa: kudumu. Chuma kilichotengenezwa vizuri namna ile hakifi. Askari anazeeka, vita vinakwisha, serikali inabadilika, silaha bado inafyatuka. Inatoka mkono wa aliyefunzwa, inaingia mkono wa asiyefunzwa, kisha mkono wa mwizi. Sisi wa eneo hili la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika hatuhitaji kuelezwa. Silaha ndogo zilizoingia kwa vita vya jirani zimeendelea kuua watu wasiojua hata vita hivyo vilianza lini. Ndiyo maana mwaka 2004 nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo. Ndiyo maana mwaka 2016 Kenya ilizitia moto silaha haramu zaidi ya 5,000 pale Ngong. Moto ule ulikuwa jibu kwa uimara wa mikono ya mafundi wa mbali, ambao hawakuwahi kujiuliza kazi yao itaishia wapi.

Tunapokisifu chombo kwamba kitadumu miaka mia, basi tuulize pia nani atakishika katika mwaka wa mia. Kwa jembe, kwa saa ya ukutani, kwa cherehani, jibu halitutishi. Kwa bastola, ufundi ukizidi, ulinzi nao lazima uzidi: leseni, kabati lenye kufuli, mafunzo, na sheria isiyomwogopa mtu. Anayetaka kuusifu uimara wa silaha bila kuubeba mzigo huo amesifu nusu ya jambo.

Zile bastola 500 za Singer zimekuwa adimu. Zinapopigwa mnada huko Marekani, moja huweza kuvuka dola 100,000, na anayeinunua huiweka ndani ya kioo, hamruhusu mtu hata kuikoki. Pengine hapo ndipo mahali pake pazuri kuliko pote.

Cherehani ya mama ipo kwa dada yangu, Chumbageni. Mama hatunaye tena, Mungu amrehemu. Juma lililopita nilipita kwa dada nikamkuta anashona sare ya mtoto wa jirani anayeanza darasa la kwanza. Kaptula ya buluu, mshono mara mbili kwenye mfuko, maana mtoto wa kiume hujaza mawe. Nilikaa kwenye mkeka nikasikiliza ule mlio wake wa tangu utotoni. Alipomaliza, akafungua droo, akatoa kikopo chenye mdomo mrefu, akatia mafuta, tone moja moja. Binti yake mdogo akanyoosha mkono kwenye gurudumu, naye akamshika kiganja taratibu akakirudisha.